Nyumba ya Houston Sikuitaja

Mjukuu wangu wa Houston alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama yake hakupata ruhusa ya maana kazini. Mama yake ndiye binti yangu, ninaishi naye hapa Fort Worth. Anapanga maboksi kwenye ghala moja kubwa, na bosi wake anaongea kwa pua kama mtu mwenye mafua ya kuzaliwa nayo. Nikimwigiza, watu wa ghala wanaotutembelea wanashika mbavu. "Mtoto ni wako? Si wako. Ni wa mtoto wako. Siku mbili."

Siku mbili utafanya nini na mzazi? Kwetu mzazi anakaa ndani siku arobaini, na lazima awepo mtu mzima wa kumkanda, kumpikia uji, na kulala na mtoto ili mama apumzike. Basi nikasema naenda mimi. Wakanipakia kwenye basi na begi langu na kitambulisho kimening'inizwa shingoni kama mbuzi wa mnada, nikaenda kukilea kitukuu.

Kikohozi nilikuwa nacho tayari. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba sikusema. Kilinianza wakati wa baridi, kikavu, kinakuja asubuhi na jioni, na mimi sikukipa heshima. Nilikuwa nikikohoa namalizia na mlio wa mbuzi, kof, kof, meee, watoto wanacheka, mambo yanakwisha. Mtu ukimchekesha hakuulizi unaumwa nini. Hiyo sikufundishwa darasani, maana darasani sikuingia hata siku moja. Haya yote nasema kwa mdomo, binti yangu anaandika, na nimemkataza kuninyoosha maneno.

Pale Houston wanakaa Gulfton, magorofa ya matofali yamebanana, kila mlango una lugha yake. Nyumba ina vyumba viwili. Nilikuta mjukuu, mume wake, mtoto, wadogo wawili wa mume, na familia ya watu wanne waliotoka kambini juzijuzi, bado hawajapata pa kukaa. Tisa. Mimi wa kumi. Karatasi ya nyumba imeandikwa watu watano.

Meneja wa pale ana funguo nyingi kiunoni, unamsikia kabla hajafika. Cheng, cheng, cheng. Akisikika ngazini, ile familia ya watu wanne inaingia bafuni kimya, mama amemziba mdomo mtoto wake mdogo, na mume wa mjukuu anafungua mlango akitabasamu kama mtu aliyekuwa amelala. Mimi nilikuwa nafanya funguo kwa vijiko, cheng, cheng, kuwatania, wanakimbilia bafuni bure. Walinichukia siku mbili, siku ya tatu wakacheka.

Chumba cha mzazi nilikitengeneza mwenyewe, kama mama yangu alivyotengeneza changu. Mtoto mchanga hapigwi na upepo, wenzangu mnajua. Nilifunga dirisha nikalikaza kwa kamba. Kile kitundu cha ukutani kinachotoa baridi nilikiziba kwa kitenge changu kizuri, nikakipigilia kwa misumari midogo. Chini ya mlango taulo. Mjukuu wangu akawa analalamika, "Bibi, mtoto anatoka jasho." Nikamwambia jasho ni afya, wewe mwenyewe ulitokwa jasho hivyo hivyo na umekuwa mkubwa unanijibu.

Mtoto alilala kifuani kwangu siku arobaini. Akilia nampulizia utosini taratibu, pole pole, mpaka anyamaze. Kikinijia kikohozi nageuza uso, halafu namgeukia, meee. Alipofika mwezi akaanza kuutafuta ule mlio kwa macho. Mama yake alimpiga video na simu.

Arobaini ilipotimia nikarudi Fort Worth. Sketi zinanidondoka, shuka naziamkia zimelowa. Kanisani kuna Mkenya mmoja ni nesi, anatembea kama sakafu imemkosea. Ibada imekwisha, watu wanapanga viti, mimi nakohoa kwenye kona nikijifanya nafunga kitambaa. Akaja akanisimamia.

"Shosho, hiyo kukohoa umekuwa nayo tangu lini?"

Nikamwambia ni hii baridi ya mashine zenu, kanisa zima mmeligeuza friji. Mimi nachekesha watu hata matangani, lakini huyo hakucheka.

"Hiyo si ya friji. Kesho niko off. Saa tatu niko kwa mlango yako, na usiniambie hukusikia kengele."

Alinipeleka kliniki ya kaunti. Wakanipiga picha ya kifua, wakanipa kikopo nikohoe humo. Baada ya siku chache akaja nyumbani mama mmoja wa Kimeksiko, mfupi, kitambaa puani, begi begani. Ni mtu wa afya wa kaunti. Alikuwa amejifunza kusema habari, ila kwake ilitoka: "Jabari, Mama." Nikampenda papo hapo, ila sikumwambia. Akaweka simu mezani, na ndani ya simu akawepo mkalimani, mwanamke mwenye sauti ya kutangaza habari za saa mbili.

"Mimi natoka idara ya afya," ile simu ikasema. "Nasikitika kukujulisha kwamba una kifua kikuu. Kinatibika. Nitakuja kila asubuhi kukuona unameza dawa."

Binti yangu alikuwa amekaa karibu na mlango, naye kaziba pua. Alinyanyua uso akanitazama.

Kisha wakaanza maswali. Unalala nyumba moja na nani. Unapanda gari la nani. Kanisani unakaa safu ipi. Nikataja. Binti yangu, mume wake, watoto wao watatu wakubwa, yule nesi, mabibi wenzangu wawili wa kwaya. Yule mama anaandika, anaitikia kwa kichwa.

"Je, kuna mtoto mdogo, chini ya miaka mitano, uliyekaa naye miezi hii? Watoto wachanga ndio wanaoumizwa haraka na ugonjwa huu."

Nikasema hakuna.

"Je, umesafiri?"

Nikasema mimi nisafiri niende wapi, hata kuvuka barabara naogopa. Yule mama akacheka. Binti yangu akatazama zulia.

Walipoondoka binti yangu akasema neno moja tu. "Mama."

Nami nikamwambia, "Watu tisa, karatasi ya watano." Akaenda kuosha vyombo.

Msinihukumu kabla sijawaambia habari ya orodha. Kambini, kule Kigoma, tulipoitwa kwa safari ya kuja huku, ilikuwa lazima kupimwa kwanza. Mume wangu alikohoa mbele ya daktari. Mara moja tu. Wakamwandika jina kwenye orodha ya wanaokohoa, na wote tulioandikwa naye kwenye faili moja tukawekwa kando. Wakasema ni miezi michache, ameze dawa apone, hakuna atakayedhurika. Akameza, akapona. Alipopona karatasi nyingine zikawa zimepitwa na muda. Tulipozipata hizo, za kwanza zikawa zimekufa. Tulizunguka hivyo miaka, majirani wanapanda basi na mifuko yao myeupe ya safari, sisi tunawapungia, mpaka siku moja mume wangu akaacha kuamka. Mimi nilikuja huku mjane. Tangu hapo kila mtu wa kambi ile anajua: kikohozi kinamezwa, na jina la mtu wako hulitoi kwa mwenye kalamu.

Basi mimi nilijiona nimewaokoa. Kwa mjukuu wangu nilipiga simu nikasema nina nimonia kidogo, napewa dawa, usijali. Kama ningetaja ile nyumba, meneja angekuja na cheng cheng yake pamoja na polisi, na watu tisa wangekuwa barabarani, kichanga akiwemo. Ndivyo nilivyohesabu kichwani mwangu.

Kila asubuhi yule mama alikuja. "Jabari, Mama." Anamimina vidonge kwenye kifuniko, nameza, nafungua mdomo, nainua ulimi, nampungia nao. Vile vidonge vinageuza mkojo rangi ya soda ya machungwa. Nilimwambia kupitia kwa mkalimani kwamba nikikojoa naogopa kutozwa kodi kama kiwanda, na yule mtangazaji wa simu, mara ya kwanza, akasahau utangazaji wake akacheka kama mtu. Binti yangu na watoto wake walipimwa, wote wakakutwa na mdudu amelala tu, wakapewa dawa za kumzuia asiamke. Mimi nikaanza kunenepa. Jasho likakata.

Baada ya wiki kadhaa yule mama akaniuliza tena. Ndiyo kazi yao, wanarudia.

"Wakati mwingine watu wanakumbuka baadaye. Hakuna atakayefukuzwa nyumba. Hakuna atakayepelekwa polisi. Tunataka kuwapa dawa tu."

Hakuna atakayedhurika. Nilishayasikia maneno hayo, kwa sauti nyingine, chini ya hema. Nikasema nimeshataja wote.

Wakati huo mjukuu alikuwa ananipigia kila Jumapili kwa video. Jumapili moja nikafanya meee, mtoto hakugeuka. Mama yake akasema ana usingizi. Jumapili iliyofuata nikaona shingo imekuwa nyembamba, kichwa kikubwa. Akasema ana homa homa, inakuja jioni, wamempeleka kliniki, wameambiwa ni virusi tu, wamempa matone. Nikamwuliza kliniki waliuliza nini. Akasema, "Wameniuliza kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba. Nimesema hakuna, Bibi. Kwani nani anaumwa?"

Nikasema mpe maji ya uvuguvugu.

Halafu nikasikia. Nyuma ya sauti yake, kidogo, kama mtu anayekwangua kucha kwenye kikapu. Mtoto wa miezi minne hakohoi hivyo. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ndogo. Sikuiigiza. Nilizima simu, nikawa natembea jikoni, naenda kwenye jiko narudi kwenye sinki.

Yule mama alipokuja kesho yake alikuwa na karatasi ya mwisho wa mwezi. Akauliza mara ya tatu, kwa haraka, huku anatafuta kalamu, kama mtu anayeuliza jambo ambalo anajua jibu lake. Mdomo wangu ulifunguka. Nikasikia funguo za meneja. Nikasema hakuna.

Akaandika, akafunga begi, akaondoka.

Mchana wa siku hiyo mjukuu alipiga. Hakusalimu. Aliweka simu juu ya mtoto. Kichwa kimepinda nyuma, kigumu, jicho moja linatazama pembeni halirudi. Mama yake anamwita, anamgusa shavu, mtoto anatazama ukuta. "Bibi, ni meno? Watu wa hapa wanasema ni meno." Yule mama wa familia iliyotoka kambini alikuwa nyuma yake, ameshika mdomo. Yeye alijua si meno. Wote wa kambini tumeshaona shingo ile.

Nikamwambia mjukuu mfunge mtoto mgongoni, vaa viatu, usitoke mpaka nikupigie. Nikakata.

Binti yangu yuko ghalani, simu zao zinafungiwa kwenye kabati. Kusoma sijui. Lakini binti yangu alikuwa ameniwekea kwenye simu picha ya kidonge kwa ajili ya yule mama wa kaunti. Nikakibonyeza. Akaitika. Hakuna mkalimani, mimi na yeye tu, na Kiingereza changu ni cha kuomba chumvi.

Nikasema, "Baibi. Hyuston. Baibi. Mi slipu baibi." Nikaona hajaelewa. Nikamkoholea kwenye simu, kof, kof, nikasema, "Mi. Kof. Baibi kof. Baibi neki," nikasahau kwamba hanioni, nikapinda shingo yangu nyuma pale jikoni mpaka ikaniuma.

Halafu akasema, taratibu sana, "OK, Mama. OK." Sikuwahi kumsikia na sauti ile. Ilikuwa imekatwa kicheko chote.

Alifika kabla sijapata pumzi. Hakusema jabari. Alichukua simu yangu mkononi, akanionyesha uso wa mjukuu, nikaitikia kwa kichwa, akanakili namba, akatoka nje akawa anaongea akitembea kwenye maegesho, anapinda, anarudi, mkono hewani. Kisha akaingia, akampigia mkalimani, akaniuliza mlango ni namba ngapi. Mimi namba sijui. Nikasema ni ngazi ya pili, mlango una beseni la bluu. Nikataja wote tisa, jina kwa jina, na umri. Mkalimani alikuwa anatafsiri, na nilipofika kwenye siku arobaini, na dirisha, na kitenge, alisita. Akaniuliza, "Mama, hili la kitenge niliseme?" Nikamwambia sema.

Watu wa afya wa Houston walimwambia mjukuu wangu asisubiri basi, aende hospitali sasa hivi, na mlangoni aseme kwamba bibi aliyelala na mtoto ana kifua kikuu. Ndivyo alivyojua. Kwa mtu asiyemfahamu, kwenye simu, viatu viko miguuni.

Mtoto alitolewa maji ya mgongo. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani. Walimpa dawa zile zile ninazomeza mimi, kwa bomba, kupitia puani. Siku za kwanza hakuna aliyetuahidi kitu. Daktari akiulizwa anasema tusubiri. Binti yangu alimwambia bosi wake kwamba leo haombi ruhusa, anaaga tu, akaenda. Mimi sikuruhusiwa kusafiri.

Nyumba ile ya Gulfton walikwenda watu wa afya wa kule, siku mbili tu baadaye. Niliambiwa yote, nikawa nasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu. Waliwahesabu watu ili wajue walete sindano ngapi za kupimia. Hawakuuliza karatasi ya nyumba. Meneja alipokuja na funguo zake, aliwafungulia chumba cha kufulia nguo ili wapime watu huko, akaomba na yeye apimwe. Mtoto mdogo wa ile familia ya kambini alikutwa na ugonjwa, lakini bado kifuani, hajaanza hata kukohoa. Akapona. Yeye aliwahiwa.

Wa kwetu yuko hai. Ana mwaka na nusu sasa. Mkono na mguu wa kulia havijaamka, na madaktari bado wanasema tusubiri.

Mjukuu wangu alinipigia wiki ya pili, mtoto akiwa bado hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hata kulia nilikuwa nimejiandaa. Alikuwa ametulia, nyuma yake mashine inapiga ting, ting, ting.

"Bibi, yule mama wa kaunti. Alikuuliza mara ngapi?"

Ningeweza kusema moja. Alikuwa mbali, na zile mbili za mwisho hakuna aliyekuwepo ila mimi, yule mama na mkalimani.

"Tatu," nikasema.

Nikawa nahesabu zile ting.

"Ya kwanza," akasema, "siku ile uliyosema nimonia, mtoto alikuwa bado anacheka. Nina video ya siku ile."

Nikasubiri aseme lingine. Akasema daktari ameingia, akakata.